Mwalimu, Kwani Tumekosa Nini?

Asubuhi moja nilikuwa nimekaa kwenye benchi chini ya mwarobaini, katika shule moja ya msingi pembezoni mwa jiji, nikiangalia kipindi cha michezo cha darasa la tatu. Ndiyo kazi yangu kwa miaka mingi sasa: kuwafuata shuleni walimu vijana tuliowaandaa chuoni na kuwaangalia wakifundisha. Mwalimu wa siku hiyo alikuwa amejiandaa vizuri. Andalio la somo lilikuwa safi, mistari ya chokaa ilikwishachorwa, filimbi ilining'inia shingoni. Akawapanga watoto, akawaambia wachuchumae, kisha waruke kichura mpaka mstari wa pili.

Hakuna aliyeruka. Watoto walitazamana. Binti mmoja wa mstari wa mbele akanyoosha mkono na kuuliza kwa adabu kabisa: "Mwalimu, kwani tumekosa nini?"

Mtoto yule aliuliza kwa dhati. Saa mbili kabla, uwanjani hapohapo, wenzao waliochelewa namba walikuwa wamerushwa kichura kuzunguka mlingoti wa bendera. Kwa umri wake wa miaka minane au tisa, alikwisha kujifunza kwamba mtu mzima akikuamuru uchuchumae na kuruka, umefanya kosa. Mwalimu kijana alibaki na filimbi yake mdomoni, na mimi nilibaki na swali ambalo limenifuata kila uwanja niliokanyaga tangu siku hiyo.

Kichura chenyewe ni zoezi zuri. Kinaamsha mapaja, makalio na vifundo vya miguu kwa pamoja, na kutua kwake ardhini hustua mifupa kwa namna inayoifanya ikue imara. Mtoto akiruka mara sita, akapumzika, akaruka tena sita huku akicheka na mwenzake, amefanya kazi ambayo mkufunzi wa wanariadha angeikubali. Mtoto huyohuyo akirushwa mara hamsini juani kwa sababu amesahau daftari, anaumia magoti na misuli, na linajengeka ndani yake wazo baya kuliko maumivu hayo: kwamba kuutumia mwili ni mateso wanayopewa wakosaji. Hali ni hiyohiyo kwa pushapu, kwa kuzunguka uwanja, na kwa kukaa bila kiti mgongo ukiegemea ukuta. Orodha yetu ya adhabu za shule, ukiitazama vizuri, ni orodha ya mazoezi ya viungo. Halafu tunashangaa mtu akifika miaka arobaini, daktari akamwambia afanye mazoezi kwa ajili ya shinikizo la damu, naye akapokea ushauri huo kama hukumu.

Naanza na adhabu kwa sababu hakuna mchezo, hata uwe mtamu kiasi gani, utakaofanikiwa kwenye uwanja ambao watoto wanauhesabu kuwa mahali pa kuadhibiwa. Hilo likiondoka, mengine yote ni ufundi, na ufundi unafundishika.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za kuushughulisha mwili kwa kiasi cha kumfanya aheme, na angalau siku tatu kwa wiki ziwe na shughuli nzito pamoja na zile zinazoimarisha misuli na mifupa. Takwimu za mwaka 2016 kutoka nchi 146, zilizochapishwa mwaka 2019, zilionyesha kuwa asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 hawafikii kiwango hicho. Wasichana asilimia 85, wavulana 78. Wapo watakaosema hayo ni ya Ulaya, kwamba watoto wetu wanatembea kwenda shule na kuchota maji. Kwa wa kijijini hoja hiyo ina uzito, ingawa kutembea na ndoo kichwani hakumfundishi mtoto kurusha, kudaka, kukwepa wala kutua vizuri baada ya kuruka. Kwa wa mjini haina uzito tena. Anachukuliwa na basi la shule alfajiri, anarudishwa jioni, kiwanja alichocheza baba yake chandimu kimejengwa fremu za maduka, na geti la nyumba limefungwa. Kwa mtoto huyo kipindi cha michezo huenda ndicho pekee katika siku nzima kinachompa ruhusa ya kukimbia.

Sasa tukiangalie kipindi hicho kwa hesabu. Dakika 40. Darasa la wanafunzi 80, jambo la kawaida katika shule zetu nyingi za umma. Mpira mmoja. Mwalimu anawapanga foleni, kila mtoto akimbie na mpira, azunguke koni, arudi, ampe mwenzake. Kila mmoja anatumia sekunde 20 hivi. Foleni nzima inakula karibu dakika 27. Ukitoa muda wa kutoka darasani, kujipanga na kunyamazishana, kipindi kimekwisha, na kila mtoto amesogea sekunde 20. Zilizobaki alisimama kwenye jua akimsukuma aliye mbele yake, na kwa kumsukuma akaitwa mtundu, na kwa utundu akarushwa kichura.

Kwa hiyo ninapokagua kipindi cha michezo, andalio la somo nalisoma baadaye. Kwanza namchagua mtoto mmoja, mara nyingi yule aliyesimama nyuma kabisa, nawasha saa yangu kila miguu yake inaposogea na kuizima anaposimama. Mwisho wa kipindi namwonyesha mwalimu idadi ya dakika. Wengi hunyamaza. Nimeona vipindi vilivyosifiwa na wakaguzi kwa utulivu wake, na saa yangu ikasoma dakika mbili. Kipimo changu ni kwamba mtoto yeyote awe amesogea nusu ya kipindi, dakika 20. Kwa watoto 80 hilo linawezekana, sharti mwalimu auache mpira mmoja na foleni moja.

Dawa yake iko mitaani kwetu. Chukua rede. Wawili wanasimama pande mbili wakirushiana mpira wa soksi uliojazwa matambara, wa kati wanakwepa, na mahali pengi yupo anayejaza mchanga kwenye chupa huku akikwepa, mpaka ijae. Wakenya wanauita kati. Mkufunzi wa viungo angelipwa fedha nyingi kubuni kitu kama hiki: mbio fupi za ghafla, kugeuka, kuinama, kuruka, macho kufuata kitu kinachokuja kwa kasi, na akili kupanga lini ujaze mchanga na lini uache. Watafiti wa California waliwafuatilia watoto wa miaka 6 hadi 10 katika maisha yao ya kawaida na kuchapisha mwaka 1995 kwamba mapigo ya shughuli nzito ya watoto hudumu kwa kawaida sekunde 3 hivi, na karibu yote hayafiki sekunde 15. Mtoto ameumbwa kufyatuka, kutulia, kufyatuka tena. Rede inamfuata hivyo alivyo. Mbio ndefu za kimyakimya zinampa mwendo wa mtu mzima.

Lakini rede ina kasoro moja inayoiua darasani: aliyepigwa anatoka. Ukikaa pembeni utaona nani anatoka kwanza. Ni mzito wa mwili, ni asiyeona vizuri, ni yule aliyekuja bila uji, ni mtoto wa kike mwenye sketi ndefu inayomnasa miguu. Wale waliohitaji mazoezi kuliko wote ndio wa kwanza kukaa chini ya mti, na mwepesi kuliko wote ndiye anayebaki kucheza mpaka mwisho. Mtaani kanuni ya kutoka haina madhara makubwa, kwa sababu wachezaji ni wachache na mchezo unaanza upya baada ya muda mfupi. Katika kipindi cha dakika 40 inamnyima mtoto kipindi chake.

Walimu niliofanya nao kazi wamejaribu marekebisho kadhaa. Mmoja aliamua aliyepigwa aende pembeni akaruke kamba mara kumi ndipo arudi. Nilimpongeza kwa kuwarudisha watoto mchezoni, kisha nikamwomba aitazame kamba yake upya, maana kwa njia hiyo kuruka kamba nako kumekuwa adhabu ya kushindwa. Lililofanya kazi vizuri zaidi ni kubadilishana nafasi tu: aliyepigwa anakuwa mrushaji, aliyempiga anaingia kati. Hakuna anayetoka. Mbabe anapata raha ya kukwepa, mzito anapata raha ya kulenga, na mara nyingi huyo mzito ndiye mwenye mkono wenye shabaha. Nimemwona mvulana aliyekuwa akijificha chooni kila kipindi cha michezo akigombewa na makundi mawili kwa sababu ya mkono wake. Ukigawa watoto 80 katika makundi kumi ya wanane, unahitaji mipira kumi ya soksi, na hiyo watoto wataishona wenyewe kwa juma moja.

Vizibo vya soda ni hazina nyingine. Mwaga vizibo mia katikati ya duara, weka makundi manne pembeni, kila mtoto akimbie achukue kimoja tu, akirudishe kwenye ngome ya kundi lake, akimbie tena, wote kwa pamoja bila zamu. Vikiisha katikati, ruksa kuchukua kwenye ngome ya jirani. Dakika tatu za mchezo huu zinamwacha mtoto yeyote akitweta, na hakuna aliyemwambia akimbie kwa bidii. Kuvuta kamba, mbio za magunia, kukimbiza ringi kwa kijiti, kamba ndefu inayozungushwa na wawili huku watano wakiruka ndani yake, vyote vina nafasi, na sina haja ya kuvieleza kwa msomaji aliyekulia hapa. Ninachosisitiza ni kwamba kila kimoja kipitishwe kwenye maswali mawili: wangapi wamesimama, na nani ametolewa.

Swali gumu zaidi ni la mashindano. Watoto wanapenda kushindana na wanapenda kujipima, na kipindi kisicho na changamoto huchosha upesi. Tatizo ni nani anapimwa dhidi ya nani. Marekani ina historia ndefu ya jambo hili. Katika miaka ya 1950 vipimo vya misuli vya Hans Kraus na Ruth Hirschland vilionyesha zaidi ya nusu ya watoto wa Kimarekani wakishindwa angalau kipimo kimoja, ilhali walioshindwa kati ya watoto wa Ulaya waliopimwa hawakufika mmoja kati ya kumi. Rais Eisenhower alishtuka, akaunda baraza la afya ya vijana mwaka 1956. Mwaka 1966, chini ya Rais Johnson, ikaanzishwa tuzo ya rais kwa wanafunzi waliofanya vizuri sana. Kwa miaka mingi mtoto aliipata kwa kufikia kiwango cha asilimia 15 ya juu katika kila kipimo. Tafsiri yake ni kwamba mfumo ulipangwa ili watoto walio wengi waikose. Vizazi vilikua vikikumbuka kuning'inia kwenye bomba la chuma mbele ya darasa zima mikono ikitetemeka. Kipimo hicho cha rais kiliachwa baada ya mwaka wa masomo wa 2012/2013, kikawekwa kingine kinachomtazama mtoto na afya yake. Julai 2025 Rais Trump alisaini amri ya kukirudisha kile cha zamani. Kwa maoni yangu hilo ni kosa, na nisingependa tuliige.

Hata kile kipimo maarufu cha mita 20, alichokitunga Luc Léger wa Montreal na mwenzake mwaka 1982, ambapo mtoto anakimbia kwenda na kurudi akifuata mlio unaoongezeka kasi hatua kwa hatua, kina shida hiyohiyo kikifanywa hadharani. Kisayansi ni kizuri, kinakadiria vyema uwezo wa moyo na mapafu. Kijamii, wa kwanza kuacha ni mnyonge, na anaacha macho ya wenzake 79 yakimtazama. Mwalimu akitaka kukitumia, awapime watoto kwa makundi madogo, matokeo yaandikwe kwenye daftari la mtoto mwenyewe, yasisomwe kwa sauti.

Changamoto ninayoipendekeza ni ya mtoto dhidi ya jana yake. Wawili wawili: mmoja anaruka kamba dakika moja, mwenzake anahesabu na kuandika. Baada ya wiki nne wanarudia. Aliyeruka 22 akaruka 31 amepata ongezeko la 9. Aliyeruka 90 akaruka 92 amepata la 2. Darasani mwa mwalimu mmoja niliyemtembelea, binti mwenye ongezeko kubwa kuliko wote alikuwa mtoto mwenye kibyongo ambaye hakuwahi kushinda chochote uwanjani hapo. Alilikunja daftari lake na kulitia kifuani, ndani ya sweta, akaenda nalo nyumbani.

Ipo pia changamoto ya darasa zima kuvuta pamoja, na hapa nataka kutetea kitu chetu kinachosahaulika: mchakamchaka. Waliosoma kabla ya miaka ya tisini wanakumbuka alfajiri zile, mistari ya watoto wakikimbia na kuimba, vumbi na umande, mwimbishaji mbele na kiitikio nyuma. Shule nyingi zimeuacha. Wakati sisi tunauacha, mwaka 2012 mwalimu mkuu Elaine Wyllie wa shule ya msingi ya St Ninians mjini Stirling, Scotland, aliona watoto wake wanachoka mno hata kwa kukimbia kidogo tu, akaanza kuwatoa nje dakika 15 kila siku, wakimbie au watembee kwa mwendo wao, na sare zao zilezile. Mpango huo, unaoitwa The Daily Mile, umeenea katika nchi nyingi. Niliposoma habari zake nilijisikia kama mtu anayeuziwa embe la mti wake mwenyewe.

Ila Wyllie alifanya jambo moja ambalo mchakamchaka wetu ulilikosa. Aliondoa amri ya mwendo mmoja. Mchakamchaka tulioujua ulikuwa na harufu ya kambi: fimbo nyuma ya mstari, na anayebaki anachapwa. Turudishe nyimbo, tuache fimbo. Wimbo una kazi ya kisayansi pia, kwa sababu mtoto anayeweza kuimba huku anakimbia hajapita kiasi, na akishindwa kuitikia apunguze, atembee, kisha ajiunge tena.

Kisha darasa lisafiri. Zunguko la uwanja likiwa mita 200, watoto 80 wakizunguka wastani wa mara tano kila mmoja, darasa limekwenda kilomita 80 kwa siku. Bandika ramani ya Tanzania ukutani. Kutoka Dar es Salaam, siku ya tatu wamepita Morogoro. Siku ya sita wako Dodoma. Siku ya kumi na tano, takriban kilomita 1,150 za barabara, wanaingia Mwanza na kuliona ziwa. Hesabu, jiografia na mapafu vimefundishwa kwa dakika 15. Na mizunguko mitatu ya mtoto mwenye mwendo wa pole imo ndani ya kilomita hizo. Bila yeye darasa halifiki. Nimeona watoto wakimshika mkono mwenzao mnene na kutembea naye zunguko la mwisho, kwa kuwa walikuwa wamebakisha kilomita moja kufika Singida.

Yapo ya tahadhari ambayo hayana mjadala. Nchi yetu ni miongoni mwa zinazozaliwa watoto wengi wenye selimundu. Mtoto huyo anywe maji mara kwa mara, apumzike anapotaka, asilazimishwe kamwe kukimbia, na mwalimu ajue jina lake kabla ya filimbi ya kwanza. Mwenye pumu awe na dawa yake karibu. Mwenye ualbino acheze asubuhi, na kofia pana na mikono mirefu, acheze kama wengine. Wasichana wa darasa la sita na la saba wapewe bukta za kuvaa chini ya sketi na mahali pa kujistiri, maana wengi hukaa pembeni kwa kuona haya tu. Na mtoto aliyekuja bila kula apewe uji kabla ya kuombwa jasho.

Lililobaki ni ratiba. Mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023 una somo la Sanaa na Michezo, kama awali lilivyokuwepo Haiba na Michezo. Kwenye karatasi kipindi kipo. Ukienda shuleni Februari utakikuta. Ukirudi Agosti kimemezwa na Hisabati, kwa kuwa mtihani wa darasa la nne na wa la saba umekaribia. Siwalaumu walimu wa darasa, wanabanwa na wastani wa shule ambao mzazi na afisa elimu wanauulizia. Nawalaumu wanaouliza wastani peke yake. UMITASHUMTA nayo, mashindano ya michezo ya shule za msingi, pamoja na heri yake yote, imewafanya wengi waamini kwamba michezo shuleni maana yake ni timu: watoto kumi na tano hodari wanafanyiwa mazoezi jioni, mia sita wanashangilia. Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya dunia ya maratoni mjini Tokyo Septemba 2025, Mtanzania wa kwanza kushinda katika Mashindano ya Dunia ya Riadha, niliruka kwa furaha kama kila mtu. Lakini kipindi cha michezo cha darasa la tatu kipo kwa ajili ya yule ambaye hatakuwa Simbu, ili afike miaka sitini akiwa bado anaweza kuchuchumaa na kuinuka bila kushikwa mkono.

Mwalimu mkuu unayesoma safu hii, Jumatatu watoto watachelewa namba kama kawaida. Nakuomba uwape adhabu nyingine yoyote ya halali utakayoona inafaa: wafagie, wabaki jioni kumalizia kazi, umwite mzazi. Kichura, pushapu na mbio za kuzunguka uwanja uwaachie walimu wa michezo.